Damu Inayojua Kushika na Kuachia

Mwanzoni mwa mwaka 2021, sangara wakubwa walionekana wakielea wamekufa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Kenya. Hawakuwa na jeraha la ndoana wala alama ya nyavu. Mtu akiona samaki wamekufa namna hiyo, wazo la kwanza ni sumu, na wengi waliogopa hata kununua samaki sokoni. Wataalamu wa uvuvi wa Uganda walipochunguza walitoa jibu jingine: sangara wale walikosa oksijeni. Walikosa pumzi wakiwa majini, mahali walipozaliwa.

Sogeeni karibu, wanangu, maana hapa pana swali zuri. Sangara ndiye mbabe wa ziwa lile. Anaweza kufikia urefu wa mita mbili, na huwameza samaki wenzake wazimawazima. Kamongo ni mzito wa mwendo, kambale hujificha topeni, na furu wengi hawazidi urefu wa kiganja. Iweje oksijeni inapopungua, mbabe atangulie kufa na wanyonge wabaki?

Jibu limo ndani ya damu. Lakini ili tulielewe, tuanze na maji.

Ukijaza chupa ya lita moja hewa tupu, ndani yake mna mililita 210 hivi za oksijeni. Chupa hiyo hiyo ukiijaza maji ya Ziwa Victoria yenye joto la nyuzi 25, tena maji safi yanayopigwa na upepo, oksijeni iliyoyeyuka humo ni mililita 5 hivi tu. Tena maji ni mazito mara mia nane kuliko hewa, kwa hiyo kuyasukuma yapite mwilini ni kazi kubwa. Samaki anaishi mahali ambapo oksijeni ni haba na kuipata ni gharama. Hawezi kuichezea.

Ndiyo maana ana matamvua. Mfunue samaki mbichi kifuniko cha shavu, utayaona: majani membamba mekundu yaliyopangana safu kwa safu. Maji huingia kwa mdomo, hupita katikati ya majani hayo na kutokea pembeni. Damu iliyo ndani ya majani hupita kinyume na maji. Kwa sababu ya kupishana huko, damu inayokaribia kutoka kwenye tamvua hukutana na maji ambayo ndiyo kwanza yanaingia, yenye oksijeni nyingi zaidi. Kwa hiyo hata mwishoni mwa safari yake damu bado inapata kitu cha kuchukua. Mapafu yetu huchukua kama robo tu ya oksijeni ya hewa tunayovuta. Samaki wengine huchukua hadi asilimia 80 ya oksijeni ya maji yanayopita.

Oksijeni ikishaingia kwenye damu, hubebwa na nani? Majimaji ya damu peke yake huyeyusha oksijeni kidogo mno, haiwezi kulisha msuli wa samaki anayekimbia. Mbebaji ni hemoglobini, protini iliyojaa ndani ya seli nyekundu za damu. Hiyo ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu, maana ndani yake mna chuma. Seli nyekundu za samaki zina kiini ndani yake, tofauti na zetu ambazo hukipoteza kiini kabla ya kuingia kazini, lakini mzigo unaobebwa ni ule ule.

Ifikirieni hemoglobini kama mtumbwi wenye viti vinne. Kila kiti kina atomu moja ya chuma, na kila atomu hushika molekuli moja ya oksijeni. Abiria wa kwanza hupanda kwa shida. Akishaketi, mtumbwi wenyewe hubadilika umbo kidogo, na wa pili hupanda kwa wepesi, wa tatu kwa wepesi zaidi, na wa nne karibu arukie ndani. Na wakati wa kushuka ni hivyo hivyo: mmoja akishuka, wenzake hufuata upesi.

Sasa angalieni ugumu wa kazi hii. Mtumbwi una gati mbili. Ya kwanza ni matamvua, ambako abiria wanapaswa kupanda. Ya pili ni msuli, moyo, ubongo, kila sehemu ya mwili inayofanya kazi, ambako abiria wanapaswa kushuka. Hemoglobini inayoshika oksijeni kwa nguvu sana itajaa haraka kwenye matamvua, lakini ikifika msulini itakataa kuiachia, na samaki atakosa nguvu huku damu yake imejaa oksijeni. Inayoshika kwa ulegevu itaachia vizuri msulini, lakini kwenye matamvua, maji yakiwa maskini, itaondoka na viti vitupu. Damu nzuri hushika panapotakiwa kushika na kuachia panapotakiwa kuachia.

Damu inajuaje imefika wapi? Hapa ndipo ufundi wake ulipo.

Mwaka 1904 huko Copenhagen, Christian Bohr na wenzake Karl Hasselbalch na August Krogh walionyesha jambo kwa kutumia damu ya mbwa. Waliona kwamba kabonidioksaidi ikiongezeka, damu hulegeza mshiko wake wa oksijeni. Sababu ni kwamba kabonidioksaidi ikikutana na maji hufanya asidi. Ioni za haidrojeni zinazotoka kwenye asidi hiyo hujibandika kwenye hemoglobini na kuifanya iachie mzigo. Na kabonidioksaidi hutengenezwa wapi? Kwenye msuli unaofanya kazi! Sato anapokimbia, mkia wake hutoa kabonidioksaidi, na akikimbia kwa nguvu zote hutoa pia asidi laktiki. Damu ikipita hapo, asidi ile ile inaifanya ishushe oksijeni. Msuli unaofanya kazi zaidi ndio unaopewa zaidi, bila mtu yeyote kutoa amri. Damu ikirudi kwenye matamvua, kabonidioksaidi hutoka kwenda majini, asidi hupungua, na mshiko hurudi kuwa imara.

Wavuvi wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanajua kitu ambacho huenda hamjawahi kukihusisha na jambo hili: bondo la sangara. Ni mfuko mweupe wa hewa ulio ndani ya tumbo lake, unaokaushwa na kuuzwa kwa bei kubwa hadi Asia. Kwa sangara mwenyewe, bondo ndilo linalomwezesha kukaa katikati ya maji bila kuzama wala kuelea. Lakini bondo lake halina mrija wa kuingizia hewa kutoka mdomoni. Gesi iliyomo humo inatoka kwenye damu.

Inatokaje? Mwaka 1931 Raymond Root alieleza tabia ya damu ya samaki ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Damu za samaki wengi wa mifupa, zikitiwa asidi ya kutosha, haziishii kulegeza mshiko tu. Zinakataa kabisa kujaza viti vyote, hata zikizungukwa na oksijeni tele. Kwenye ukuta wa bondo pana tezi inayotoa asidi, na kando yake pana mishipa midogo ya damu iliyosongamana, inayoingia na inayotoka ikipishana. Damu ikifika hapo inapigwa na asidi, inashusha oksijeni, na oksijeni inayotaka kutoroka na damu inayoondoka inarudishwa na ile inayoingia. Inajikusanya kidogo kidogo mpaka inalijaza bondo, hata kule chini ambako maji yanalibana kwa nguvu. Nyuma ya jicho la samaki wengi kuna mpango kama huo, unaosukuma oksijeni kwenye sehemu ya jicho inayopokea mwanga. Kwa hiyo samaki huona vizuri kwa sababu damu yake inajua kuachia.

Lakini wanangu, zawadi hii ina gharama yake. Samaki ambaye damu yake inasikia asidi kwa wepesi hivyo atafanyaje akifukuzwa? Akikimbia sana, asidi hujaa damu yote, si msulini tu. Damu ikifika na asidi hiyo kwenye matamvua, hemoglobini itashindwa kupakia. Kwa hili pia samaki wengi wana njia. Hofu inapowashika, mwili humwaga adrenalini kwenye damu. Seli nyekundu zikiipata adrenalini hiyo, huanza kuzitupa nje ioni za haidrojeni. Majimaji ya damu yanakuwa na asidi, lakini ndani ya seli, mahali hemoglobini ilipo, asidi hubaki chini. Samaki anaendelea kupakia oksijeni huku adui yuko nyuma yake.

Sasa turudi kwa wale sangara waliokufa. Miaka mingi kabla ya vifo vile, mtafiti G. R. Fish, aliyefanya kazi Jinja nchini Uganda, alipima damu za aina sita za samaki wa huko na kuchapisha matokeo mwaka 1956. Aliona kwamba damu ya sangara hushika oksijeni kwa ulegevu, na kabonidioksaidi ikiongezeka, hulegea zaidi. Kwenye maji ya wazi yanayopigwa na upepo, hiyo si kasoro hata kidogo. Oksijeni ipo ya kutosha matamvuani, na msulini inaachiwa kwa wingi, kwa hiyo sangara ana nguvu za kukimbiza windo lake. Damu yake imeumbwa kwa maisha ya tajiri.

Tatizo huja maji yakigeuka. Katika msimu wa joto, maji ya juu ya ziwa hupata moto na kukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika. Mwani uliokufa na uchafu mwingine huzama chini na kuoza, na vijidudu vinavyouozesha hutumia oksijeni yote ya huko huku vikitoa kabonidioksaidi. Siku ikija dhoruba, maji hayo ya chini hupanda. Ghafla sangara anajikuta ndani ya maji yenye oksijeni kidogo na kabonidioksaidi nyingi. Asidi ambayo ilipaswa kumkuta msulini sasa inamkuta matamvuani. Damu yake inaachia mahali pa kushika. Na yeye ni mkubwa, mwili wake unadai oksijeni nyingi kila dakika. Nguvu zake zote hazimsaidii.

Joto nalo lina mkono wake. Hemoglobini inaposhika oksijeni hutoa joto kidogo, na kwa sababu hiyo mazingira yakiwa ya moto, kushika kunakuwa kugumu na kuachia kunakuwa kwepesi. Maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Na samaki, ambaye kwa kawaida mwili wake hufuata joto la maji, huhitaji oksijeni zaidi kadiri anavyopata joto. Kwa hiyo joto humbana samaki pande tatu kwa wakati mmoja: maji yana oksijeni kidogo, damu inashika kwa ulegevu, na mwili unadai zaidi. Kwa jodari wa baharini jambo hili lingeweza kuleta shida ya namna nyingine, maana misuli yake ina joto kuliko maji yanayomzunguka, na damu inayotoka matamvuani ikipashwa moto njiani ingeweza kumwaga oksijeni kabla ya kufika. Lakini baadhi ya jodari wana hemoglobini isiyojali joto sana, na mzigo unafika salama.

Kama mnataka kumwona bingwa wa kuvumilia joto, nendeni Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya. Kuna samaki mdogo wa jamii ya sato anayeishi humo kwenye chemchemi za magadi, ambako joto la maji linaweza kufika nyuzi 40 na zaidi. Mchana mwani huyajaza maji oksijeni, usiku mwani huo huo huitumia mpaka inakaribia kwisha. Samaki yule hupanda juu na kumeza hewa. John Maina, mwanasayansi kutoka Kenya, na wenzake walieleza katika miaka ya 1990 jinsi bondo lake, lenye mishipa mingi midogo ya damu, linavyomfaa kama pafu.

Kuna jambo jingine ndani ya seli nyekundu. Humo mna kemikali mbili ziitwazo ATP na GTP, ambazo mwili huzitumia pia kuhifadhi na kugawa nishati. Hizo zikijishikiza kwenye hemoglobini, mshiko wa oksijeni hulegea. Samaki akikaa siku kadhaa kwenye maji yenye oksijeni kidogo, seli zake huzipunguza, na mshiko huimarika. Asidi na joto hufanya kazi mara moja. Njia hii huchukua saa nyingi au siku, lakini inambadilisha samaki afanane na maji anayoishi.

Aliyefika mbali sana kwa njia hii ni kamongo. Kamongo ana mapafu na hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo maji kukosa oksijeni hakumsumbui sana. Lakini maji yenyewe yakikauka, kamongo hujichimbia topeni, hujizungushia ute unaokauka ukawa kama ganda, na kulala miezi mingi akisubiri mvua. Katika miaka ya 1970 watafiti, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Nairobi, walilinganisha damu ya kamongo wa Afrika Mashariki aliye macho na ya yule aliyelala. Kwenye damu ya aliyelala, GTP ilikuwa imepungua na mshiko wa oksijeni umeongezeka sana. Aliyelala hakimbii wala hawindi. Misuli yake inadai kidogo, kwa hiyo damu inayoshika sana ndiyo inayomfaa ndani ya shimo lile lenye hewa kidogo.

Na wale furu wadogo? Sangara waliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na furu wengi waliliwa mpaka aina nyingine zikatoweka. Baadhi ya waliobaki walijificha kwenye mafunjo ya kandokando. Chini ya mafunjo maji hayatembei, majani yanaoza, na oksijeni ni kidogo sana. Lauren Chapman wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, amechunguza kwa miaka mingi samaki wa vinamasi vya Uganda, na yeye na wenzake wameonyesha kwamba mafunjo ni kimbilio. Samaki wanaoishi humo huweza kuwa na matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa maji ya wazi, na wengine hupanda kunywa lile tabaka jembamba la maji ya juu kabisa linalogusana na hewa. Sangara hawezi kuwafuata kwa muda mrefu. Damu inayompa nguvu ya kuwinda ndiyo inayomzuia kuingia.

Mbali kabisa na kwetu, katika bahari ya barafu inayozunguka Antaktika, wako samaki wasio na hemoglobini hata kidogo. Wavuvi wa nyangumi walikuwa wakisimulia habari za samaki mwenye damu isiyo na rangi. Mwaka 1954 Johan Ruud wa Norwei alichapisha uchunguzi wake na kuthibitisha kwamba ni kweli. Maji ya huko yako karibu na nyuzi sifuri au chini yake, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi. Samaki wale wana moyo mkubwa, mishipa mipana na damu nyingi, na huisukuma kwa wingi mwilini ikiwa na oksijeni iliyoyeyuka tu. Damu yao hubeba kama sehemu moja ya kumi ya oksijeni ambayo damu nyekundu ya majirani zao ingebeba. Wanaishi kwa sababu maji yanawahurumia. Mpeleke mmoja wao Ziwa Victoria, hatamaliza siku.

Basi sasa mnaona kwamba hakuna damu iliyo bora kuliko zote. Ya sangara ni bora kwenye maji ya wazi, ya kamongo aliyelala ni bora kwenye tope, ya samaki wa Antaktika inatosha kwenye barafu. Kila moja imefanya mapatano na maji yake kwa vizazi vingi mno. Maji yakibadilika taratibu, damu nayo inaweza kubadilika. Yakibadilika kwa ghafla, damu haina muda.

Na sisi ndio tunaoyabadilisha kwa ghafla. Mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani na maji taka ya miji hulisha mwani, mwani hufa na kuoza, na kuoza hula oksijeni. Magugu maji yakifunika ghuba, maji ya chini yake hayapati upepo wala mwanga. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza sato wengi sana waliokuwa kwenye vizimba, maji maskini yalipowafikia. Sato wa ziwani angeweza kuhama. Wa kizimbani hana pa kwenda. Hakuna hemoglobini, iwe na mshiko wa namna gani, inayoweza kupakia oksijeni ambayo majini haimo.

Kwa hiyo haya mliyoyasikia yana kazi. Mwanga wa jua ukiondoka, mwani na mimea ya majini huacha kutoa oksijeni lakini huendelea kuitumia, ndiyo maana saa mbaya kuliko zote kwenye bwawa la samaki ni alfajiri. Ukipita karibu na bwawa alfajiri ukaona samaki wengi wamepanda juu, midomo inafunguka na kufungika, usidhani wana njaa. Mwite mwenye bwawa upesi. Mwambie asiwape chakula kwanza, maana kumeng'enya chakula kunahitaji oksijeni ambayo hawana. Aingize maji mapya yanayoanguka kwa kishindo, au awashe mashine ya kupuliza hewa kama anayo, na aendelee mpaka samaki warudi chini.